Sahihi

Mkataba nilioandika hauna dirisha.
Hauijui Swift Current, wala barabara ya changarawe
iendayo kwa Olha Danyluk, kusini mwa reli,
wala dengu zake, ekari mia tatu,
zilizokuwa zikijikunja majani Julai ile.
Hauijui mvua. Unajua barua tu:
kituo namba saba, milimita kadhaa, saa na dakika,
namba ya mara moja isiyorudiwa,
na chini yake sahihi,
herufi mia na thelathini zisizotamkika.

Kazi yangu ilikuwa kuufundisha kushuku.
Barua aweza kuileta yeyote, hata mwizi;
mkataba haumtazami mjumbe usoni.
Huichukua sahihi, huikokotoa kinyumenyume
hadi utokeze ufunguo wa aliyeitia,
kisha huuliza: ndiye tuliyemwandika daftarini?
Gusa nukta moja, na anayetokeza ni mtu asiyekuwepo.
Barua ya juzi? Imechacha.
Barua ya mnyororo mwingine? Si yetu.
Barua ileile mara ya pili? Hilo tulijifunza kwa hasara:
toleo la kwanza lilimlipa bwana mmoja wa Gull Lake
ukame mmoja mara mbili,
naye akanunua trekta.

Siku arobaini na moja bila wingu la maana.
Usiku wa arobaini na mbili, kituo namba saba kikasema:
milimita kumi na mbili.
Nikakagua. Ufunguo ni wake. Saa ni yenyewe. Namba haijatumika.
Sahihi ni sahihi.
Mkataba ukalifunga dai la Olha, nao hauna rufaa.

Alinipigia simu. Hakupaza sauti.
"Njoo ukanyage," alisema,
"uniambie kama kiatu chako kimelowa."

Saa mbili na nusu kutoka Regina, upepo ukiisukuma gari.
Ardhi ilikuwa na nyufa za kumeza kiganja.
Na pale ukingoni mwa malisho, kwenye nguzo ya kipimo,
mtamba mwekundu alikuwa akijikuna shingo,
taratibu, macho kayafumba,
na kila alipojisugua, kijiko kidogo ndani ya kipimo
kilibetuka: tiki.
Tiki.
Nguzo ilihesabu, ikatia sahihi, ikatuma.
Muwasho wa ng'ombe ulikuwa umefaulu mitihani yangu yote.

Olha alicheka mpaka akashika uzio.
Mimi nilikuwa Newala, msimu wa korosho,
baba akirudi na stakabadhi ya ghala,
mhuri wa chama, wino wa zambarau,
sahihi ya karani yenye mkia mrefu: kilo themanini.
Nyumbani gunia lile lilikuwa na tisini na tatu.
Karani hakughushi kitu.
Aliandika alichoambiwa na mzani.

Lugha yangu ilinitega mapema:
neno moja kwa mkono na kwa kweli.
Hesabu hunithibitishia nani kasema,
haijawahi kutoka nje kuangalia.

Jumatatu niliandika toleo jipya. Vituo vitatu;
viwili visipokubaliana, mkataba hungoja.
Olha hakupata kitu msimu ule.
Nilitafuta katika msimbo mahali pa kuweka samahani,
sikupaona.
Alikuwa amenipa mfuko wa dengu za mwaka uliopita,
kilo mbili kwa kukadiria, haukupimwa.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ileile,
tuliizungushia nguzo senyenge,
yeye na koleo, mimi nikivuta,
kidole changu kikatoboka, damu ikadondokea waya wa tatu.
Mistari minne.
Mtamba alisubiri tumalize, akaja, akainusa,
akaisukuma kwa kifua.
Ikashika.